150 000 ikawa 150

Bibi za wachimbaji wanajua hii. Mama anafika ku biro ya koperative, anasimama mu mustari tangu asubui, zamu yake ikifika wanamuambia: "Mama, jina ya bwana yako haiko." Na jina iko pale pale ku karatasi, kila mutu anaiona! Siku ingine jina inapatikana, lakini feza ni 150 franka mahali pa 150 000.

Sisi hapa Kolwezi tuliona mambo hii, tukazani ni wizi. Haikuwa wizi, mara ile. Ilikuwa alama zenye macho haioni. Kijana wa mashine alitufungulia orodha na amri moja, cat -A malipo.txt, na mustari mumoja ukatoka hivi:

150M-BM- 000;Ng'oie Ilunga^M$

Ile M-BM- ni nafasi ya pekee, inayokataza namba kukatwa mwisho wa mustari. Kwa macho ni nafasi kama zingine. Lakini awk, programu iliyokuwa inahesabu, ikiikuta inasimama pale: inasoma 150, basi. Na ile ^M? Windows inafunga kila mustari na alama mbili, namba 13 na namba 10. Linux inatumia 10 peke yake. Ile 13 ikibakia, inashikamana na jina. Kwa mashine, Ilunga na Ilunga mwenye ^M ni watu wawili.

Dawa ni mustari mumoja:

tr -d '\r' < malipo.txt | sed 's/\xC2\xA0//g' > malipo-safi.txt

tr inaondoa ile 13, sed inaondoa ile nafasi. Angalia muzuri: jina la mwisho lazima liwe lingine. Ukiandika malipo.txt pande zote mbili, orodha inakuwa wazi kabisa mbele hata ya kusomwa, na malipo ya watu inaenda nayo.

Kwa nini sed, si tr tu? Juu tr inafuta baiti moja moja. Ile nafasi ni baiti mbili, C2 na A0, na herufi à ya Kifaransa nayo iko na A0 ndani. Utaharibu à zote.

Kuna wengine wanapenda kufuta alama zote mara moja, na tr -d '[:punct:]'. Hapana! Ile ; inayotenga feza na jina itakwenda, na Ng'oie atakuwa Ngoie. Karte yake ya uchaguzi inasema Ng'oie, nani atamulipa?

Kisha hesabu mistari na wc -l, ku orodha ya zamani na ku mupya. Lazima iwe sawa. Orodha ya zamani musiitupe.

Na wewe mama, wakikuambia tena jina haiko, omba watafute kipande tu: grep Ilunga malipo.txt. Kipande kitapatikana hata kama ^M iko nyuma yake.