Yabisi, Kimiminika na Gesi: Somo la Mtoto Lianzie Nyumbani

Mtoto wa miaka minne au mitano hayajui maneno yabisi, kimiminika na gesi, lakini vitu vyenyewe amekwisha kukutana navyo. Amenyonya barafu ikamwishia mkononi, amemwaga uji, ameona jiko likipepewa hadi moto ukashika. Kazi ya mzazi na mlezi ni kuyapa majina yale ambayo mtoto huyaona kila siku. Kumkaririsha kwamba maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi hakumfai katika umri huu. Sisi tunaohusika na ulinzi wa mtumiaji wa bidhaa tunalitilia mkazo somo hili kwa kuwa baadhi ya madhara yanayowapata watoto nyumbani hutokana na kukidhania kitu kuwa kingine: mafuta ya taa kudhaniwa maji, au gesi isiyoonekana kudhaniwa haipo.

Tuchukue mfano wa familia iliyoko Kimbiji, kata ya pwani katika Manispaa ya Kigamboni, eneo lililokuwa zamani sehemu ya Temeke. Hapo vifaa vya somo havinunuliwi. Kipande cha barafu kikiwekwa juu ya sahani, mtoto aulizwe kina umbo gani, kisha aachwe akitazame. Barafu haifuati umbo la sahani, maji yake hufuata. Yakimiminwa katika kikombe huwa kama kikombe, yakimiminwa katika chupa huwa kama chupa. Hapo tofauti ya yabisi na kimiminika imekwisha kufundishwa bila ya ubao. Mtoto mwerevu atasema kwamba hata mchanga wa ufukweni humiminika. Asikatizwe. Apewe punje chache kiganjani, aone kwamba kila punje imebaki na umbo lake. Ni wingi wa punje ndogo unaofanana na maji.

Mfano tunaoupenda zaidi ni mafuta ya nazi. Mafuta haya huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kwa hiyo asubuhi za kipupwe, kati ya Juni na Agosti, chupa iliyokuwa na mafuta mang'avu jioni huonekana imejaa kitu cheupe kilichoshikamana. Wapo wanunuzi waliomrudishia muuzaji chupa kama hiyo wakidai kuwa amechanganya mafuta na kitu kingine. Kuganda huko pekee si dalili ya udanganyifu, wala si uthibitisho wa usafi wa mafuta. Ni hali ya asili ya mafuta ya nazi. Iwekeni chupa juani mtoto akishuhudia, na baada ya muda mafuta yatakuwa kimiminika tena. Kitu ni kilekile, hali yake ndiyo iliyobadilika.

Maji yanayochemka yafundishwe kwa mbali. Hapa pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, na mvuke wake huunguza vibaya kuliko wengi wanavyodhani. Mzazi mwenyewe afunue sufuria iliyokwisha kuepuliwa, amwonyeshe mtoto matone yaliyojikusanya chini ya mfuniko. Tusimwambie kwamba mvuke ni moshi. Ule weupe unaoonekana juu ya sufuria ni vitone vidogo mno vya maji. Mvuke wenyewe hauonekani.

Sasa tufike penye hatari. Mafuta ya taa yakiwa katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda, mtoto hawezi kuyatofautisha na maji kwa macho, na kama tumekwisha kumfundisha kwamba kimiminika hufuata umbo la chombo, chombo ndicho kitakachomdanganya. Mafuta ya taa, dawa ya kuulia wadudu na dawa ya kufulia visitiwe kamwe katika chupa za vinywaji. Vibaki katika vyombo vyake, vifungwe, viwekwe juu asipofika mtoto. Akiwa amekwisha kunywa mafuta ya taa, asitapishwe, kwa kuwa yakipanda tena huweza kuingia mapafuni na kuleta madhara makubwa zaidi. Apelekwe mara moja kituo cha afya, na chupa yenyewe ichukuliwe ili mganga aione.

Gesi ndiyo ngumu kufundisha, kwa sababu haionekani. Puto lililopulizwa huonyesha kwamba hewa huchukua nafasi, ila mtu mzima alipulize mwenyewe na kuokota vipande likipasuka, maana mtoto mdogo huweza kupaliwa navyo. Kisha aonyeshwe mtungi wa jikoni bila kuugusa. Ndani ya mtungi gesi imeshindiliwa hadi imekuwa kimiminika, na ndiyo sababu ukitikiswa husikika kama una maji. Inapotoka huwa gesi, na hutanuka zaidi ya mara 200.

Gesi hiyo kwa asili haina harufu ya kutambulika. Harufu kali tunayoinusa imetiwa makusudi ili itutahadharishe. Mtoto afundishwe harufu hiyo kwa neno moja, na afundishwe kumwita mtu mzima anapoisikia. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni, pale pale anapolala mtoto kwenye godoro au mkeka. Harufu ikisikika, fungeni mtungi, fungueni milango na madirisha, toeni watoto nje, wala msiwashe kiberiti au kubonyeza swichi ya taa. Kutafuta panapovuja hufanywa kwa povu la sabuni kwenye maungio, kamwe si kwa moto.

Kwa kuwa gesi haionekani, haiwezi kununuliwa kwa macho. Hununuliwa kwa uzito. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ukiwa kilo 7 na gesi ni kilo 6, mizani isome 13. Mwambieni muuzaji apime mbele yenu kabla ya kulipa, na angalieni kama mizani yake ina stika ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo.