Miguu imeshuka, lakini dawa haijaisha

Mimi ni mtu wa agronomia, si muganga. Lakini hapa Kindu, mama yangu mkubwa aliacha dawa za moyo juu miguu yake haikuvimba tena. Alisema, "Nimepona." Kisha siku kidogo, akawa analala akiwa amekaa, pumzi haimtoshi. Njo maana niliuliza waganga, nikasoma.

Moyo uko kama pompi. Ikichoka, maji yanabaki nyuma: mapafuni, miguuni, tumboni. Mwili unazani damu imepunguka, basi unashika chumvi na maji, unakaza mishipa. Pompi inazidi kuchoka.

Furosemidi ni dawa ya kukojolesha. Inatoa maji, mgonjwa anapumua. Lakini yenyewe peke yake haitengenezi pompi.

Enalaprili inalegeza mishipa. Mwaka 1987, utafiti wa nchi za Scandinavia ulifuata wagonjwa 253 wenye moyo mchovu sana. Ndani ya miezi 6, kwa wale hawakupewa enalaprili walikufa 44 kwa 100. Kwa wale waliipewa, 26. Bisoprololi au karvediloli inapunguza mbio za moyo, inaanzishwa kidogokidogo. Spironolaktoni inazuia mwili kushika chumvi. Siku hizi kunaongezwa dapaglifozini, iliyoanza kama dawa ya sukari.

Hizi njo zinarefusha maisha, lakini kazi yake haionekani kwa macho. Miguu kushuka ni alama kwamba dawa inafanya kazi, si kwamba kazi imeisha.

Sisi wa agronomia tunajua potasiamu, ile K ya NPK. Furosemidi inaipunguza kwenye damu. Enalaprili na spironolaktoni zinaipandisha. Ikizidi ao ikipunguka sana, moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo damu ipimwe, na mtu asiongeze vidonge mwenyewe.

Tena angalisho: diklofenaki na ibuprofeni, tunazomeza kwa maumivu ya mgongo, zinashikisha chumvi na kuumiza figo. Makayabo na kibe cha chumvi vinafanya vilevile. Mwenye mimba asimeze enalaprili, inaumiza mtoto.

Na tusiseme ni ugonjwa wa wazee. Utafiti mmoja wa nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda ndani, ulikuta wagonjwa wana wastani wa miaka 52. Tensio njo ilikuwa sababu kubwa.

Mama mkubwa amerudilia dawa. Kila asubuhi namuuliza: umekunywa? Na wewe, uliza wako leo.