WAKATI GANI TUPUNGUZE UZITO?



Vijana wengi wa interna wanabeba chuma jioni nyuma ya mabweni. Chuma chenyewe munakijua: bomba moja na mikebe miwili iliyojazwa simenti. Kazi ni nzuri, tunaipenda. Lakini sisi makapita tunasikia swali moja kila juma: "Mbona nguvu imesimama, na bidii nimezidisha?" Tumeona heri kulieleza hapa, sababu mgongo ukiharibika Shabunda si jambo dogo. Bukavu ni mbali, barabara munaijua, na nyumbani kila mmoja wetu anangojewa kubeba maji, kuni na mihogo.

Kwanza tuelewe namna nguvu inavyokuja. Msuli haukui wakati unabeba. Wakati ule unachoka, na nyuzi zake zinaumia kidogo. Unajijenga nyuma, ukiisha kula na kulala, na ndipo unapata nguvu kupita ya zamani. Wazee wetu wa msitu wanajua jambo hili kwa udongo: shamba likiisha kutoa mpunga na mihogo wanaliacha lirudi pori, wanakata lingine. Hakuna mtu anayewaita wavivu. Anayelima palepale kila mwaka anavuna kidogo, halafu anasema mbegu ni mbaya.

Mwenye kuanza anaweza kuongeza kilo karibu kila mara, sababu uzito wake ni mdogo na mwili unapona upesi. Kiisha miezi kadhaa mambo yanabadilika. Uzito umekuwa mkubwa, uchovu wa siku ya kwanza haujaisha siku ya tatu, na ule wa siku ya tatu unaongezwa juu yake. Tena kano (ile mishipa migumu inayofunga msuli na mfupa) zinapata damu kidogo, zinakomaa polepole kuliko msuli. Ndiyo maana kijana anasikia msuli uko tayari, kumbe goti ao bega bado.

Hata waganga walijifunza jambo hili. Thomas DeLorme, munganga wa jeshi la Marekani, aliandika mwaka 1945 namna ya kuponya askari walioumia kwa kuwabebesha uzito. Mwanzo waliinua mara 70 mpaka 100 kwa zoezi moja. Mwaka 1948, yeye na mwenzake Watkins waliandika kwamba hesabu ile ilikuwa kubwa mno, wakaishusha mpaka mara 20 ao 30. Kwa wakimbiaji ni vilevile. Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyemaliza kilometa 42 na zaidi kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 tarehe 12 Oktoba 2019, hakimbii kwa nguvu yote kila siku. Siku ngumu zinafuatwa na siku za polepole.

Basi, alama ni gani? Hizi hapa:

1. Uzito uliouweza juma lililopita leo unakushinda, na inakuwa hivyo mara mbili ao tatu kwa kufuatana. Mara moja tu si kitu, labda ulilala vibaya.
2. Usingizi haukuji vizuri, chakula hakina ladha, unakasirikia wenzako bure.
3. Moyo unapiga mbio asubuhi. Uuhesabu dakika moja mbele ya kutoka kitandani, uandike kila siku. Ukizidi kawaida yako kwa mapigo 8 ao 10 siku kadhaa, mwili haujapona.
4. Maumivu ya msuli yanapita siku tatu, ao kiungo kinauma mahali pamoja kila unapobeba.

Ukiona mbili kati ya hizi, punguza juma moja. Kupunguza si kuacha. Tufanye hesabu: ukiinua kilo 40 mara 5, na kurudilia mara 5, umeinua kilo 1.000 kwa jumla. Juma la kupunguza, chukua kilo 30 mara 5, urudilie mara 3 tu: ni kilo 450, chini ya nusu. Mwili unakumbuka kazi, lakini unapata nafasi ya kupona. Hata bila alama, wengi wanafanya hivi kila kiisha juma 4 mpaka 6. Msiogope, nguvu haipotei kwa juma moja.

Muhesabu pia mizigo mingine. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20. Aliyepanda nazo mbili toka mtoni, ao aliyelima siku yote ya posho, amekwisha kubeba. Chuma cha jioni ile ni cha kuachwa. Na aliyekula kidogo, hapana kujilinganisha na aliyeshiba bugali, maharagi na sombe.

Kuna wakati wa kuacha kabisa. Ukiwa na homa, usiguse chuma mpaka upone, na kiisha malaria uanze na nusu ya uzito. Maumivu makali ya ghafula, kiungo kuvimba ao mguu kufa ganzi: simama palepale. Na mkojo ukiwa mweusi kama chai kali kiisha kubeba sana, nenda hospitali siku ileile. Msuli uliovunjika unatia sumu katika damu, na figo zinaweza kufa.

Kwetu sisi wa mwaka wa mwisho, mtihani wa Serikali unakaribia. Kukesha na masomo ni mzigo vilevile. Mwezi ule tubebe mara moja kwa juma, uzito wa kawaida, kurudilia kuchache. Inatosha kulinda nguvu tuliyo nayo.

Mwisho, kila mmoja awe na kadaftari: tarehe, kilo, mara ngapi, usingizi. Mwenzako akikucheka kwa sababu umepunguza, umuonyeshe hesabu yako, kisha uulize yake iko wapi. Mwenye swali atukute kwenye chumba cha makapita kiisha chakula cha jioni.