SAHIHI ISIYO SAHIHI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, najua kwamba jarida hili la chama chetu likitoka wengi wenu hukimbilia ukurasa wa vichekesho na vitendawili. Silaumu. Lakini ukimaliza huko, hebu tulia nami kidogo nikueleze habari ya picha moja iliyonitoa jasho likizo ya Aprili, na habari ya watu wa ng'ambo wanaokusanya picha za aina hiyo kama sisi tulivyokuwa tukikusanya vizibo vya soda.

Mjomba wangu ni fundi wa fremu. Kibanda chake kimejaa picha za harusi, vyeti vya waliohitimu na picha za marehemu zinazosubiri kioo. Siku moja mgeni mmoja aliyekuwa akiuza vyombo vyake ili arudi kwao alimletea picha, akamwuzia kwa shilingi 22,000. Ilikuwa picha ya ndovu mwenye miguu mirefu myembamba kama ya mbu, akitembea jangwani. Chini, upande wa kushoto, paliandikwa kwa penseli 112/300. Upande wa kulia palikuwa na sahihi yenye mikogo mingi: Dalí, 1971.

"Huyu Dalí ni mtu mkubwa huko Ulaya," mjomba akaniambia. "Hii tukiiuza vizuri, tumetoka."

Hakuniambia pesa zenyewe alizitoa wapi. Mama ndiye aliyenidokezea kwamba zilikuwa karo ya binamu yangu, aliyetakiwa kuripoti chuo cha ufundi mwezi wa Mei. Tena mteja mmoja wa siku nyingi alikuwa ameiona picha ile, akaipenda, akaahidi kuleta shilingi 60,000 mwisho wa mwezi. Mjomba akawa na wasiwasi kwamba labda anapunjwa. Basi nikatumwa mimi. "Wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Nenda ukatafute picha ya huyu mtu inaenda pesa ngapi." Nikaenda kwa mwalimu wetu wa Sanaa, akaniazima vitabu viwili vizito, nami nikashinda maktabani siku nne.

Nianze na neno Usurealisti, maana linatisha kuliko linavyostahili. Katika fasihi tumefundishwa uhalisia, yaani kuonyesha maisha kama yalivyo. Wasurealisti walisema maisha ya mtu aliye macho ni nusu tu, na nusu ya pili imo ndotoni. Aliyeanzisha mambo haya ni mshairi, wala si mchoraji. Jina lake André Breton, naye alitoa tangazo la kundi lake mjini Paris mwaka 1924. Alikuwa amesomea udaktari, na katika Vita Vikuu vya Kwanza alihudumia askari waliovurugika akili. Alipowasikiliza wakiropokwa, aliona kwamba humo ndani mna ushairi. Wachoraji wakamfuata: Max Ernst kutoka Ujerumani, Joan Miró na Salvador Dalí kutoka Hispania, André Masson na Yves Tanguy wa Ufaransa, René Magritte wa Ubelgiji, na wengine.

Niliyempenda mimi ni Ernst. Nani kati yetu hajawahi kuweka shilingi chini ya karatasi akasugua juu kwa penseli mpaka ile sura ikatokea? (Mwalimu wa zamu alinikamata nikifanya hivyo wakati wa masomo ya jioni.) Mwaka 1925 Ernst alikuwa katika nyumba ya wageni kando ya bahari huko Ufaransa, akayakodolea macho mbao za sakafu zilizochakaa. Akaziwekea karatasi, akasugua. Katika zile nyuzi za mbao akaona misitu, ndege na wanyama wasiojulikana. Mwaka uliofuata picha 34 za namna hiyo zilichapishwa pamoja kwa jina la Histoire naturelle, na leo wakusanyaji wanazitafuta kwa udi na uvumba.

Sasa tuje kwenye chapa. Hapa ndipo nilipokwama. Nilimwuliza mwalimu, "Mwalimu, itakuwaje picha iitwe ya asili na huku ziko mia tatu?"

Naye akaniuliza, "Shule ya msingi hukuchonga kiazi, ukakipaka rangi, ukapiga chapa?"

"Nilipiga, Mwalimu."

"Basi chapa yako ya kwanza na ya kumi, ipi ni nakala ya mwenzake?"

Nikanyamaza. Kiazi si picha, ni kifaa tu. Picha huzaliwa pale karatasi inapogusana nacho, na zote zinazozaliwa hapo ni ndugu wa tumbo moja. Nakala ni kitu kingine kabisa: mtu anachukua picha iliyokwisha kuchorwa, anaipiga kamera, anaichapisha kwa mashine kama kalenda. Tofauti hii ndiyo roho ya biashara nzima, kwa hiyo tafadhali usiiruke.

Wasurealisti badala ya kiazi walitumia mabamba ya shaba. Bamba hupakwa tabaka jembamba lenye nta, kisha msanii huchora kwa sindano akikwangua nta hiyo. Bamba likitiwa ndani ya asidi, asidi hula shaba pale tu palipokwanguliwa. Nta huondolewa, wino husukumwa ndani ya mifereji ile, uso wa bamba hupanguswa, halafu karatasi iliyoloweshwa kidogo huwekwa juu na vyote hupitishwa kwenye kinu chenye nguvu. Ukiitazama chapa ya asidi iliyo halisi utaona karatasi imebonyea kuizunguka picha, kwa sababu kingo za bamba zimeifinya. Pitisha kidole taratibu utausikia mfinyo huo.

Karakana mashuhuri ya kazi hii ilikuwa Atelier 17 ya mjini Paris, iliyoanzishwa mwaka 1927 na Mwingereza Stanley William Hayter. Wale mnaolalamikia Kemia, sikilizeni: bwana huyu alisomea kemia na jiolojia, akafanya kazi katika kampuni ya mafuta huko Abadan, ndipo akaamua kuwa msanii. Miró, Ernst, Masson na Tanguy wote walifanya kazi kwake. Hapakuwa na mkubwa na mdogo. Mabingwa na wanagenzi walishika wino meza moja.

Njia nyingine ni litografia, ambapo msanii huchora kwa kitu chenye mafuta juu ya jiwe laini lililosawazishwa. Mafuta na maji havipatani, basi wino hushika penye mchoro tu. Miró aliipenda sana njia hii.

Zile namba za penseli maana yake ni hivi: 112/300 ni chapa ya 112 katika toleo la chapa 300. Wengine hudhani kwamba namba ndogo ndiyo bora. Si lazima. Muhimu ni toleo lote lina chapa ngapi, kwa kuwa likiisha, bamba hukwaruzwa makusudi ili lisitumike tena. Ukiona herufi E.A. badala ya namba, hizo ni chapa chache alizowekewa msanii mwenyewe.

Kwa nini watu wanunue chapa? Jibu ni mfuko. Novemba 2024 mchoro mmoja wa rangi wa Magritte uliuzwa kwa mnada mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 121. Mwalimu au karani wa huko hawezi hata kuota hayo. Chapa, kwa kuwa ziko nyingi, humfikia mtu wa kawaida anayedunduliza. Huzinunua kwa wauzaji wa chapa, kwenye minada, na hasa katika maduka ya vitabu vya zamani, kwa maana Wasurealisti walikuwa marafiki wa washairi, na chapa zao nyingi zilitolewa ndani ya vitabu vya mashairi. Kulikuwa pia na jarida la Paris lililoitwa Derrière le Miroir, lililotoka kuanzia 1946 hadi 1982. Ndani yake mlitiwa litografia halisi za Miró na wenzake, nyingi hazina sahihi wala namba. Kwa sababu hiyo bei yake huwa nafuu, ingawa zilitoka kwenye kazi ya msanii mwenyewe.

Umeliona hilo? Karatasi isiyo na sahihi ikawa ya kweli. Sasa sikia upande wa pili.

Breton alikuwa mtu wa mafumbo. Alizichukua herufi za jina Salvador Dalí, akazichanganya, zikatoka Avida Dollars, maana yake mwenye uroho wa dola. Alikuwa amekasirika, lakini hakukosea sana. Dalí alipozeeka alianza kutia sahihi karatasi tupu. Ndiyo, tupu! Mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walilisimamisha lori lililokuwa likielekea Andorra, wakakuta karatasi 40,000 ambazo hazina picha yoyote ila sahihi ya Dalí chini. Aliyepata karatasi kama hiyo angeweza kuchapisha juu yake chochote alichotaka. Kwa hiyo sahihi ilikuwa sahihi kabisa, picha ndiyo haikuwa sahihi. Halafu wakaja wenye tamaa zaidi ambao hata sahihi waliighushi. Katika miaka ya 1980 walimwuzia nani na nani kule Marekani, mpaka kesi zikafika mahakamani. Dalí alifariki mwaka 1989 na kuacha vurugu ile nyuma yake.

Ndiyo maana mkusanyaji mwenye busara haanzi na sahihi. Huanza na kitabu. Kwa wasanii wakubwa kuna orodha za chapa zao zote: vipimo, aina ya karatasi, ukubwa wa toleo, mwaka. Ya Dalí, iliyotungwa na Albert Field, ilitoka mwaka 1996. Mnunuzi huchukua rula akapima, na ikipungua sentimita mbili anauliza kwa nini. Kisha huchukua lenzi. Kisha huinua karatasi kwenye mwanga kutafuta alama ya maji, ile ya kiwanda iliyofichika ndani ya karatasi kama kwenye noti. Hapo kuna siri moja nzuri mno. Chapa nyingi za Dalí zilipigwa kwenye karatasi za Arches na Rives za Ufaransa. Mwaka 1980 karatasi hizo ziliongezewa alama ya nane iliyolala, ile tunayoitumia katika Hisabati kuonyesha kisicho na mwisho. Hivyo chapa inayodai kuwa ya kabla ya hapo haiwezi kuwa na nane hiyo.

Niliposoma hayo nilihisi tumbo likinguruma. Nilirudi kibandani nikiwa na lenzi niliyoazima maabara. Mjomba aliitoa picha kwenye fremu kwa uangalifu wake wote. Tukaitazama rangi ya mchanga wa jangwa. Ilikuwa vitone, vitone, vitone, vimepangwa kwa safu kama picha ya gazetini. Litografia iliyochorwa jiweni huwa na chembe zilizotawanyika ovyo, hazipigi foleni. Nikaiinua karatasi dirishani. Jina la kiwanda likaonekana kwenye ukingo wa chini, na kando yake ile nane, imelala.

"Mjomba, imeandikwa 1971."

"Naona."

"Hii karatasi haikuwepo 1971."

Aliketi juu ya kigoda chake cha kufanyia kazi. Baada ya muda akasema kwa sauti ya chini, "Yule mteja hana lenzi." Sikujibu. Mimi ni mtoto kwake, na karo haikuwa yangu. Nilizikusanya tu zile karatasi nilizoandikia, nikaziacha mezani.

Jumamosi ile mteja akaja na bahasha yake. Nilikuwa nikikata kioo, nikajifanya sioni. Mjomba akampa kiti, wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto. Kisha mjomba akachukua lenzi akamwekea mkononi. "Mzee, kabla hatujahesabu, angalia hapa kwenye mchanga. Mtoto wa dada yangu atakueleza." Nikamweleza vitone na nane iliyolala, huku ulimi ukinikauka. Mzee yule alicheka sana, akaondoka na bahasha yake. Binamu yangu hakuripoti Mei. Ameripoti Septemba, na mjomba bado ana deni mahali.

Tangu siku hiyo namsaidia kibandani Jumamosi, na nimegundua kwamba aliyajua mengi ya wakusanyaji bila kusoma popote. Yeye haibandiki picha kwa gundi, huishikilia pembeni kwa vipande vidogo vya karatasi ili iweze kutoka. Hakati ukingo mweupe hata mteja akitaka iingie fremu ndogo, na huko Ulaya chapa iliyokatwa ukingo hushuka bei vibaya. Kadibodi ya bei rahisi anaikataa kwa sababu huiunguza karatasi polepole ikawa rangi ya chai. Na hukwambia usiitundike picha panapopigwa na jua.

Ile fremu nzuri ya ndovu sasa imebeba cheti cha mtu. Ndovu mwenyewe amebandikwa ndani ya mlango wa kabati la vifaa, na nyuma yake mjomba ameandika kwa penseli: NAKALA, HAIUZWI. Lenzi ya maabara nilirudisha. Yeye amenunua yake, ameifunga uzi na kuitundika msumarini, na picha yoyote ikiletwa, hata ya harusi, huitazama kwanza.