VICHEZEO VYA MBAO: AFYA YA FUNDI IINGIE KATIKA BEI



Hapa Chienge, na kote pwani ya Ziwa Mweru mpaka Nchelenge, kazi ya mshahara haidumu mwaka mzima. Kibarua wa shamba huachishwa msimu ukiisha. Mvuvi naye hufungiwa ziwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Wazee wetu wengi waliofanya kazi katika kiwanda cha betri cha Mansa walirudi kijijini kilipofungwa katika miaka ya 1990. Kwa hiyo wengi wetu tumeshika msumeno na patasi. Tunachonga mitumbwi midogo, samaki, malori ya magurudumu manne, wanyama na vijiko.

Kazi hii ni nzuri, lakini kuna jambo tunalolisahau. Kiwandani tuligombania kinga za mashine, na Sheria ya Viwanda inamtaka mwenye kiwanda azibe sehemu za mashine zilizo hatari. Tukifika kwenye kibanda chetu chini ya mwembe, tunafanya kazi bila kinga yoyote. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 1999 inamtazama aliyeajiriwa. Fundi anayejitegemea akikatwa vidole, hakuna tajiri wa kumdai. Basi ulinzi wake lazima autengeneze mwenyewe, na gharama yake ailipwe na bei ya kitu anachouza. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza.

1. MBAO

Mti tunaoupenda ni mninga, ambao hapa kwetu huitwa mukwa na Wabemba husema mulombwa. Hauchezi sana ukikauka, na rangi yake inapendeza. Mkula ni ndugu yake, lakini msiuguse. Biashara yake imeharibu misitu yetu, na tangu mwaka 2019 umo katika orodha ya mapatano ya dunia ya kulinda miti na wanyama walio hatarini. Mbao yoyote inunuliwe kwa mwenye kibali cha Idara ya Misitu. Bila karatasi, mzigo wote waweza kukamatwa njiani.

Mara nyingi fundi mwenye akili hahitaji kukata mti. Vipande vinavyotupwa na maseremala wa milango na vitanda vinatosha kwa vichezeo. Mwembe mzee usiozaa tena unafaa pia. La muhimu ni kukausha. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja kivulini kwa kila inchi moja ya unene, mbao zikiwa zimepangwa juu ya vijiti ili upepo upite. Mbao mbichi itapasuka ikishafika kwa mnunuzi, naye hatarudi tena.

2. VIDOLE

Vichezeo ni vitu vidogo, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mkono unakaribia sana makali. Tufuate haya:

(a) Kipande kishikwe na jiliwa au kibanio, kisishikwe kwa mkono wala kwa goti. Patasi iende mbali na mwili, na mikono yote miwili iwe nyuma ya makali.

(b) Kata umbo dogo likiwa bado limeungana na ubao mrefu. Kulitenganisha kuwe kazi ya mwisho.

(c) Kwenye msumeno wa umeme wa mviringo, kifuniko kisiondolewe, na mbao isukumwe kwa kijiti. Kijiti kikikatwa utachonga kingine.

(d) Usivae glavu wala mikono ya shati inayoning'inia karibu na mashine inayozunguka. Glavu ikinaswa, huvuta mkono mzima.

(e) Kabla ya kubadilisha meno ya msumeno, chomoa waya wa umeme. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

(f) Noa zana kila asubuhi. Patasi butu hutaka nguvu nyingi, na nguvu nyingi ndiyo inayoteleza.

3. VUMBI

Kidonda cha patasi kinaonekana na kila mtu. Vumbi huingia kimya kimya, nasi tunasema "ni mafua tu".

Katika miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waliona kwamba watengenezaji wa samani wa upande wa High Wycombe walikuwa wakipata saratani ya ndani ya pua kuliko watu wengine. Uchunguzi uliendelea, na mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vumbi la mbao huleta saratani kwa binadamu. Ugonjwa huo huchukua miaka mingi kujitokeza. Ndiyo maana kijana anayepiga msasa leo haoni sababu ya kuogopa.

Mninga wetu nao, pamoja na uzuri wake, vumbi lake huwasha ngozi ya watu wengine na kubana kifua.

Dawa yake si ghali. Kupiga msasa kufanywe nje, upepo ukitoka nyuma yako. Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi laini. Tafuteni barakoa za kazi zenye alama ya N95 au FFP2. Nawa mikono na uso kabla ya kula. Nguo za kazi zibaki karakanani, na mtoto asibebwe na mtu mwenye vumbi mwilini.

4. MTOTO

Anayetumia kitu chetu hajui kusoma onyo. Kila kitu hukitia mdomoni.

Kwanza, rangi. Rangi nyingine zina madini ya risasi. Sisi Wazambia hatuna haja ya kuhadithiwa habari za risasi, kwani tunayo Kabwe. Mgodi wake ulifungwa mwaka 1994, lakini udongo umebaki na sumu, na watoto waliozaliwa baadaye wamekutwa na risasi katika damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na ubongo haurudi ulivyokuwa. Kwa hiyo msitumie rangi ya kopo lisilo na maelezo, wala rangi ya magari au ya mabati. Nta ya nyuki ikiyeyushwa taratibu ndani ya chombo kilichowekwa katika maji ya moto, kisha ikapakwa na kusuguliwa kwa kitambaa, huing'arisha mninga vizuri. Nta isiwekwe moja kwa moja juu ya moto, maana inawaka.

Pili, vipande vidogo. Toboa ubao tundu la duara lenye upana wa milimita 45. Gurudumu, kichwa au mpira wowote unaopita katika tundu hilo usiwe katika kichezeo cha mtoto aliye chini ya miaka 3, kwa sababu waweza kumkaba koo. Gurudumu lifungwe kwa kijiti cha mbao na gundi, si kwa msumari. Kisha livute kwa nguvu zako zote. Likitoka mkononi mwako, litatoka na kwa mtoto.

Tatu, kona zote ziwe mviringo, na kamba ya kuvutia iwe fupi.

5. HESABU

Tuchukue mfano wa lori moja. Bei za kwenu ni tofauti, lakini njia ya kuhesabu ni hii:

Mbao: kwacha 12
Msasa, gundi na nta: kwacha 5
Kuchakaa kwa zana: kwacha 3
Barakoa na dawa ya kidonda: kwacha 2
Usafiri: kwacha 4
Jumla ya vifaa: kwacha 26
Kazi, saa 3 kwa kwacha 12: kwacha 36
Jumla: kwacha 62

Kama katika malori 10 moja huharibika, 9 yanayobaki lazima yalipie lile moja. Gharama ya kila lori inakuwa kama kwacha 69. Sasa mchuuzi anakuja na kwacha 45 mkononi. Fundi anaona amepata 45. Kwa kweli, akitoa vifaa 26, amebaki na 19 kwa saa 3, yaani kwacha 6 na kidogo kwa saa. Amejinyonya mwenyewe kuliko tajiri yeyote.

Tazameni pia mstari wa barakoa. Ni kwacha 2 katika 69. Anayeiacha ili auze rahisi anauza mapafu yake kwa kwacha 2.

Njia ya kupunguza gharama ni kutengeneza kwa mafungu. Chora umbo kwenye kigezo cha ubao mwembamba, kata malori 10 pamoja, toboa yote, kisha piga msasa yote. Saa 3 zikishuka kuwa 2, gharama inashuka hadi kama kwacha 56, na mshahara wako haukuguswa.

6. UMOJA

Fundi mmoja hana nguvu ya kukataa kwacha 45, kwa sababu nyumbani wanamngoja. Ndugu zetu Wakamba wa Kenya walilijua hilo. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi na ufundi huo kwao. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba waliokuwa Mombasa waliunda chama cha ushirika pale Changamwe. Wanauza kupitia duka lao, na mchuuzi hana nafasi ya kumgombanisha huyu na yule. Miti ya mpingo na muhugu ilipoanza kuwa adimu, wachongaji wengi waligeukia mwarobaini na mwembe, miti inayopandwa na wakulima.

Nasi tuanze padogo. Kila tawi liwaandike wanachama wanaochonga. Wanunue jiliwa moja na kisanduku kimoja cha barakoa kwa pamoja, wapatane bei ya chini ambayo hakuna atakayeishuka, na wazipelekee shule za Chienge na Nchelenge vitalu vya kuhesabia kabla ya kuwaza watalii wa mbali. Swali la kwanza katika mkutano wa tawi liwe hili: ni nani kati yetu anauza chini ya gharama?

Umoja ni nguvu.