Je, Wajua? Kinachopoza Nyumba ya Makuti ni Hewa

Paa la makuti la Kakuyuni, karibu na Malindi, huzuia joto kwa kitu kisicholipiwa: hewa. Makuti yakipangwa moja juu ya jingine, hufungia katikati yake vijifuko vingi vya hewa iliyotulia. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa hiyo. Ndiyo maana adhuhuri bati hushusha joto utosini, huku chini ya makuti mtu anasinzia. Mvua nayo? Bati jembamba hutetema kama ngoma kila tone likigonga. Jani laini hulivunja tone, na mlio unafia humo.

Atakayesema makuti huungua ana haki: cheche moja yatosha, na Malindi imeona hoteli zikiteketea. Tena huoza, na baada ya miaka michache huezekwa upya. Lakini hoja hizo zinalishtaki jani, si hewa. Baadhi ya majengo ya pwani huweka makuti juu ya mabati: bati lizuie maji, makuti yazuie jua. (Hatari ya moto, kweli, inabaki.) Usumba wa makumbi ya nazi nao hugandamizwa kuwa vibao vyepesi vya dari, vyenye hewa ile ile ndani. Vibao hivyo hunasa vizuri sauti nyembamba. Sauti nzito ya ngoma huvipenya. Ukiacha nafasi kati ya kibao na paa, hata hiyo hupungua.