Kutoka Darasani hadi Studio: Mafunzo ya Wanafunzi Wetu katika Vituo vya Utangazaji vya Umma

Kila mwaka, muhula wa mwisho unapomalizika na wengi wanapofunga virago kurudi makwao, baadhi ya wanafunzi wetu wa mwaka wa pili hubaki mjini Kampala kwa wiki nane zaidi. Hawa ni wale waliopata nafasi ya kufanya mafunzo kwa vitendo katika vyumba vya habari, hasa vya vituo vya utangazaji vya umma. Wazazi hutuuliza, na wakati mwingine hata wanafunzi wenyewe: mtu anayesomea Kiswahili ili awe mwalimu ana shughuli gani redioni? Katika makala hii tungependa kulijibu swali hilo, na kueleza jinsi mafunzo hayo yanavyoendeshwa, ili wale wanaojiandaa kwenda wajue wanakokwenda.

Kwa nini kituo cha umma?

Shirika la Utangazaji la Uganda (UBC) liliundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ambayo iliunganisha Redio Uganda na Televisheni ya Uganda iliyokuwa imeanza kurusha matangazo mwaka 1963. Kituo cha umma hakichagui wasikilizaji kwa uzito wa mifuko yao. Kinapaswa kusema na mkulima, mvuvi, mwanafunzi na mfanyabiashara, na kwa sababu hiyo hutangaza kwa lugha nyingi za nchi, Kiswahili kikiwamo.

Mwaka huohuo wa 2005 katiba yetu ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kwamba lugha hii ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo, Waganda wengi wa rika la wazazi wetu walikutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa askari kwenye kizuizi cha barabarani, na mpaka leo wapo wanaokiita lugha ya askari. Jambo hilo haliondolewi kwa amri. Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini amri hiyo haikuwafanya watu wakipende. Sauti ya mtangazaji anayesoma habari za mvua, bei ya mahindi na chanjo ya watoto kwa Kiswahili fasaha na cha upole yaweza kufanya kazi ambayo amri haikuifanya. Ndiyo maana tunataka wanafunzi wetu wawepo pale sauti hiyo inapoandaliwa.

Mafunzo yanavyopangwa

Idara humpa mwanafunzi barua ya utambulisho, naye huipeleka kituoni mwenyewe. Akikubaliwa, hupangiwa msimamizi, ambaye mara nyingi ni mhariri wa zamu. Mwalimu mmoja wa idara humtembelea walau mara mbili, huzungumza na msimamizi, na husikiliza kazi zilizorekodiwa.

Kila mwanafunzi huweka daftari la kila siku. Humo huandika mambo matatu: kazi aliyopewa, nakala yake ya kwanza, na nakala ileile baada ya kusahihishwa na mhariri. Sisi husoma kwa makini zaidi hiyo nakala ya mwisho, kwa sababu wino mwekundu wa mhariri hutueleza pia mahali ambapo ufundishaji wetu umepungua. Mwishoni mwanafunzi huandika ripoti na kuitetea mbele ya walimu. Tunasisitiza jambo moja ambalo huwashtua wengi: vituo vingi havitoi posho. Nauli na chakula cha mchana ni vya kujipangia mapema.

Anachojifunza mwanagenzi

Habari nyingi hufika katika chumba cha habari zikiwa kwa Kiingereza. Mwanagenzi hupewa habari moja na kuambiwa aigeuze iwe Kiswahili kabla ya taarifa ijayo, labda kwa muda wa nusu saa. Hapo ndipo anapogundua kwamba kufaulu mtihani wa tafsiri ni kitu kimoja na kuandikia sikio ni kitu kingine. Msomaji wa kitabu akipotea hurudi nyuma mstari mmoja. Msikilizaji hana nafasi hiyo.

Kosa la kwanza tunalolikuta katika madaftari ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mwanafunzi anaandika kwamba mkutano "ulichukua nafasi", na mhariri anaandika juu yake: "ulifanyika". Anaandika kwamba mswada "ulipitishwa na Bunge baada ya kuwa umejadiliwa", na mhariri anamrudishia: "Bunge limejadili mswada huo na kuupitisha."

La pili ni saa na siku. Saa 20:00 ni saa mbili usiku, na hapo wengi hawakosei wanapokuwa nyumbani, kwani hata Luganda huhesabu saa vivyo hivyo. Hukosea wanapotafsiri kwa haraka, wakaandika saa nane. Ama kuhusu usiku, desturi ya zamani ya Waswahili ni kuhesabu siku tangu jua linapotua. Ukisema tu "usiku wa Jumanne", mmoja atafikiri ni usiku uliotangulia mchana wa Jumanne, na mwingine usiku unaoufuata. Kwa hiyo watangazaji husema "usiku wa kuamkia Jumanne", na utata huisha.

La tatu ni hesabu. Soma kwa sauti maneno haya: elfu mia mbili na tatu. Je, ni 203,000 au ni 200,003? Kwenye karatasi tarakimu zinaonekana, lakini hewani hakuna tarakimu. Mhariri mzuri atadai iandikwe "laki mbili na elfu tatu". Vilevile shilingi 3,200,000 zasomwa milioni tatu na laki mbili, wala msikilizaji hahitaji kalamu.

La nne ni matamshi. Katika Luganda sauti ya r hutokea baada ya e au i, na kwingineko hutamkwa l. Mwanafunzi aliyelelewa katika lugha hiyo huweza kusoma "habali" na "balabala" bila kujisikia, na akisoma pilipili ikawa "piripiri". Si aibu, kwani kila mtu huja na lugha ya mama yake. Lakini mbele ya kipaza sauti tofauti hiyo husikika mno, na dawa tunayoijua ni kujirekodi, kujisikiliza, na kurudia.

Neno moja na heshima ya mtu

Tungependa kusimulia kisa kimoja, bila kukitaja kituo wala mwanafunzi. Siku ya kumi ya mafunzo yake, mwanafunzi wetu alipewa habari fupi ya polisi: vijana watatu walikuwa wamekamatwa sokoni kuhusiana na wizi wa pikipiki. Aliandika, "Wezi watatu wa pikipiki wametiwa mbaroni." Sentensi ilikuwa fupi, sarufi haina doa, na darasani tungempa alama zote.

Mhariri aliishika ile karatasi, akamwita kando na kumuuliza, "Binti yangu, mahakama imekaa lini?" Kisha akamwonyesha ngazi ya maneno. Anayedhaniwa na polisi ni mshukiwa au mtuhumiwa. Aliyefikishwa mahakamani na kusomewa mashtaka ni mshtakiwa. Mwizi hawi mwizi katika taarifa ya habari mpaka hakimu aseme. Habari ikasomwa: "Polisi wanawashikilia vijana watatu wanaoshukiwa kuiba pikipiki."

Siku mbili baadaye mmoja wa wale vijana aliachiwa. Alikuwa amekuja sokoni kununua mafuta ya taa, akakutwa na msako. Mwanafunzi alipotusimulia alisema kwamba tangu siku ile haandiki neno juu ya mtu bila kujiuliza kama mama wa mtu huyo anasikiliza. Sisi tulikuwa tumemfundisha maneno hayo yote katika somo la msamiati wa mahakama. Uzito wake aliujulia kule.

Malalamiko na ushauri

Si kila mafunzo huenda vizuri. Wapo waliotuambia kwamba wiki tatu za mwanzo walitumwa chai na kupiga nakala za karatasi tu. Ushauri wetu ni huu. Usikatae kazi ndogo, lakini usingoje kuitwa kwenye kubwa. Chukua habari iliyokwisha kusomwa kwa Kiingereza, itafsiri kwa wakati wako, na umwombe mhariri aipitie akipata nafasi. Wengi walioanza hivyo walijikuta wamepewa habari ya kweli kabla ya wiki kwisha. Ikiwa wiki ya pili inapita bila kazi yoyote ya lugha, tujulishe mapema. Tunaweza kuzungumza na kituo mafunzo yakiwa bado yanaendelea. Ripoti ikishaandikwa hakuna tunachoweza kurekebisha.

Aidha, fika kabla ya zamu kuanza. Taarifa ya saa moja haimsubiri mtu aliyekwama kwenye foleni ya magari.

Tukirudi kwenye swali la wazazi: mtoto wenu anakwenda redioni kwa sababu kesho atasimama mbele ya wanafunzi wengi ambao hawana kitabu cha kutosha, nao watajifunza kwa kumsikiliza yeye. Atakayekuwa amejifunza kusema jambo mara moja likaeleweka atakuwa amepata nusu ya ualimu. Tunawashukuru wahariri wote wanaowapokea vijana wetu na kuwasahihisha kwa uvumilivu, na tunawaomba wasichoke. Wanaotaka kwenda mwaka huu waje ofisi ya idara kuchukua fomu mapema, kwani nafasi ni chache kuliko wanaozitaka.